Kigoda Kati ya Vyerehani Viwili

Kwa miaka miwili kazi yangu sokoni Kibuye, ukiniuliza, ilikuwa kushona vifungo. Kazi yangu ya kweli ilikuwa kumwambia kaka yangu maneno ambayo tayari alikuwa ameyasikia.

Tulikuwa watatu katika kibanda kimoja cha mabati, upande wa mafundi, nyuma ya wauza mitumba. Cherehani cha Baba kilikaa kulia, cha kaka kushoto, na mimi, binti, nilikaa katikati juu ya kigoda, mkebe wa vifungo mapajani. Kutoka kwa Baba hadi kwa kaka hapakuzidi hatua mbili. Baba akitaka mkasi mkubwa hakumtazama kaka. Alinitazama mimi.

"Mwambie huyo ndugu yako mkasi si kitu ya kukalia."

Nami ninageuka. "Baba anaomba mkasi."

"Mwambie mzee nimesikia."

"Anakuletea, Baba."

Mama mmoja muuza omena, wale dagaa wa ziwani, ambaye nguo zake zote zilishonwa pale kwetu, alisimama siku moja akatutazama kwa zamu, kisha akauliza, "Hapa munashona nguo ama munapiga simu?" Kaka alicheka. Baba naye alicheka, lakini alipoona kaka anacheka akainama kuvuta uzi. Nikikumbuka kibanda kile leo, harufu ya pasi ya makaa na ya kitambaa kipya kilicholowa, mvua ya alasiri ikitoka ziwani na kuangukia mabati hadi tunalazimika kupiga kelele, nashangaa kwamba nakitamani. Niliteseka pale. Lakini nakitamani.

Lazima nieleze Baba alikuwa nani, la sivyo ugomvi wenyewe utaonekana wa kitoto. Siku sita za juma alikuwa fundi cherehani. Siku ya saba alikuwa mkalimani. Kanisa letu liko juu kidogo ya barabara ya Busia, ukishaipita Kisian, na kasisi wetu wa miaka hiyo alitoka Taita. Kidholuo chake kiliishia kwenye salamu. Alihubiri kwa Kiswahili, na Baba akasimama kushoto kwake, ngazi moja chini, akiyageuza yote kuwa Kidholuo kwa ajili ya bibi zetu waliojaza mabenchi ya mbele. Kasisi akinyoosha mkono, Baba naye ananyoosha. Kasisi akitoa mzaha, waliojua Kiswahili wanacheka, halafu Baba anautafsiri, bibi nao wanacheka, kwa hiyo mzaha mmoja ulitufaa mara mbili. Na ujue kwamba Jumapili ndiyo siku kubwa ya Kibuye. Mafundi wengine walivuna siku hiyo. Baba alikifunika cherehani chake kwa turubai Jumamosi jioni na kukiacha hivyo, miaka ishirini, kwa kazi ambayo hakuna aliyemlipa wala kumwomba mara ya pili.

Alitufundisha pia darasa la kipaimara. Somo la Yesu mpatanishi alilifundisha kwa vitambaa. Alileta kipande cha khaki na kipande cheupe, akaviweka kimoja juu ya kingine, akatuambia tuvivute. Vikaachana. Kisha akavipitishia uzi, akatuambia tuvute tena.

"Tarishi analeta barua, anaenda kwake nyumbani," alisema. "Huyu si tarishi. Huyu ni Mungu kabisa, na ni mtu kabisa. Uzi isipoingia nguo zote mbili haijashona kitu."

Mimi, kwa kuwa sikujua kunyamaza hata nikiwa na miaka kumi na miwili, nilimuuliza kama sindano haiumizi kitambaa. Baba akanionyesha ncha ya kidole chake cha shahada, iliyojaa vitundu vidogo vyeusi. Akasema sindano inamuuma anayeshona. Nilidhani ananitania.

Sasa kaka. Kaka ni kifungua mimba, na cherehani alifundishwa na Baba tangu miguu yake ifikie kanyagio. Alipooa alihamia Nyalenda, na huko yeye na mkewe wakaanza kusali katika kanisa la hema, la ngoma na vipaza sauti. Baba hakugomba. Alisema tu kwamba hema nalo limeshonwa na mtu. Mambo yaliharibika siku ambayo waumini wa kanisa letu walikuja kwetu kwa sala ya nyumbani. Nyumba ilijaa, kasisi alikuwepo, na Baba akasimama kutafsiri kama kawaida. Kaka, aliyekuwa amekuja kumsalimu Mama, aliombwa aseme neno. Akasema pazia la hekalu lilishapasuka, kila mtu anaingia mwenyewe. Mpaka hapo hata kasisi aliitikia amina. Halafu akaongeza, huku akitabasamu, "Kwani Mungu hajui Kidholuo? Anahitaji fundi wa Kibuye amtafsirie?"

Watu wachache walicheka. Kicheko kile ndicho kilichomchoma Baba, zaidi ya maneno. Alimwonyesha kaka mlango. Hakupaza sauti, alinyoosha mkono tu, ule ule wa kanisani, na kaka akatoka mbele ya watu wote, mkewe akimfuata na kikombe cha chai bado mkononi.

Wengine wangetengana hapo. Hawa wawili walikuwa na wateja wale wale na kibanda kimoja, na kila mmoja aliona aibu kuwa wa kwanza kuhama. Jumanne wakafika wote wawili, wakakaa, wakaanza kukanyaga. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne mwaka huo. Mama akanituma nikasaidie. Nilipofika nikakiona kigoda katikati, nikakikalia, nami nikawa kinywa cha watu wawili.

Mwanzoni nilibeba maneno kama yalivyo. Nikaona yanavyokata. Basi nikaanza kuyapiga pasi. Baba akisema suruali ile imeshonwa na mtu mwenye usingizi, mimi nasema, "Baba anauliza kama umepumzika vizuri." Kaka akisema mzee aache kumfundisha kazi mbele ya kastoma, mimi nasema, "Kaka anasema asante, ataangalia." Walikuwa wanasikiana, ndiyo, lakini vyerehani vilipiga kelele, na mtu akiamua kutosikia huwa hasikii. Baada ya miezi michache nilikuwa nabuni kabisa. Siku moja nilimwambia Baba kwamba kaka ameisifu suti aliyomshonea bwana harusi mmoja wa Maseno. Kaka hakuwa ametamka lolote. Baba aliimba chini kwa chini mchana kutwa. Nilijiona mjanja, na nakiri nilijiona pia mtakatifu kidogo.

Kisha kaka akataka kujenga.

Kwetu mwana hajichukulii tu jembe akajenga mji wake, yaani boma lake mwenyewe. Baba yake mzazi ndiye anayempeleka, alfajiri, kabla jua halijachomoza. Baba anatangulia na jogoo aliyetoka katika boma lake, mwana anafuata na shoka, mke na moto. Mahali baba anapokanyaga na kusema hapa, ndipo hapo. Baba yangu alikuwa ameyaondoa mengi katika desturi hiyo na kuweka sala mahali pake, lakini mguu aliuacha. Alisema hata Ibrahimu alikanyaga. Na kaka, pamoja na hema lake na vipaza sauti vyake, hakuthubutu kujenga bila mguu wa Baba. Angeweza kumngoja hadi afe, apelekwe na mmoja wa wazee wa ukoo. Ila kila mtu angejua ni kwa nini, na mdogo wetu anayenifuata mimi asingeweza kujenga kabla yake. Baba alikuwa ameanza kukohoa kikohozi kisichoisha. Mama alikisikia kikohozi hicho na kuhesabu siku zilizobaki kimoyomoyo, nami nilimwona anavyohesabu.

Kaka alinivuta kando kwenye vibanda vya ndizi. "Mwambie mzee nataka anipeleke. Lakini mwambie pia aniombe msamaha vile alinifukuza mbele ya watu. Mimi si mbwa."

Nikampelekea Baba. Baba aliweka pasi kando kwanza. "Mwambie nitaenda. Lakini aje aniombe msamaha mbele ya wale wale walicheka."

Kila mmoja alitaka mwenzake aanze. Ningeyabeba hayo kama yalivyo, yangevunjika pale pale, na labda yangevunjika vizuri. Badala yake nilifanya nililokuwa nimelizoea. Nikamwambia Baba, "Anaomba msamaha. Atakuambia mwenyewe siku hiyo." Nikamwambia kaka, "Baba anasema alikosa. Atakuambia mwenyewe siku hiyo." Nililala usingizi mzito usiku ule, na hilo ndilo linaloniaibisha hadi leo.

Asubuhi yenyewe ilikuwa nzuri. Kiwanja kiko mteremkoni, na kutoka pale ziwa linaonekana chini, jeupe kabla ya jua. Nyasi zilikuwa na umande. Baba alitangulia na jogoo mwekundu kwapani, amevaa koti lake la kanisani. Kaka na shoka. Wifi yangu na sufuria kuukuu yenye makaa. Mama na mimi nyuma. Baba akafika katikati ya kiwanja, akageuka, akangoja.

Kaka naye akangoja.

Jogoo alijaribu kuchomoa bawa. Mwishowe Baba akasema, akimtazama kaka usoni kwa mara ya kwanza katika miaka miwili, "Ee. Niko hapa. Sema."

Kaka akasema, "Wewe ndio useme."

"Mimi niseme nini?"

"Si umetuma watu waseme ulinikosea?"

Baba alinitazama. Sijawahi kutazamwa vile tena. Alikaza jogoo kwapani, akapita katikati yetu, akapanda mteremko kurudi kwake, koti likilowa umande magotini. Hakukanyaga popote alipotakiwa kukanyaga. Kaka akalitupa shoka nyasini. Wifi akabaki ameshika sufuria mpaka makaa yakawa majivu.

Mama hakunipiga, ingawa ningependa angenipiga. Aliniuliza tu, "Nani alikutuma useme hayo?" Nikasema hakuna. Akasema, "Basi rudi ukaseme hivyo." Jogoo hakuchinjwa. Mama alikataa, kwa kuwa safari yake haikuwa imeisha. Akawika kila alfajiri juma lile, na kila alipowika nilijifunika shuka hadi utosini.

Ilinichukua siku tano. Siku ya sita mvua ilinyesha mapema, Kibuye ikamwaga watu, na kibandani tukabaki sisi watatu tu. Vyerehani viwili vinakwenda. Hakuna aliyenipa ujumbe juma zima. Nilikaa kwenye kigoda changu nikiwa sina maana yoyote, na ghafla nikasikia mdomo wangu ukisema, kwa sauti ya kushindana na mabati:

"Niliwadanganya. Nyote wawili. Kaka hakuomba msamaha, Baba. Na Baba hakusema alikosa. Nilitunga."

Cherehani cha Baba kikasimama. Halafu cha kaka.

"Na ile suti ya bwana harusi pia," nikasema, kwa sababu mtu akishafungua gunia ni heri alimwage lote. "Kaka hakuisifu. Na Krismasi, Baba hakusema anakukumbuka. Na habari ya kupumzika vizuri. Yote."

Nilidhani nitalia lakini hasira yao haikunipa nafasi. Baba alianza. Aliniita mwongo, akasema anasimama mbele ya madhabahu na maneno ya Mungu kinywani, halafu binti yake mwenyewe anachezea maneno ya watu. Kaka akadakia. Alisema nimemwaibisha mbele ya mkewe, nimemfanya asimame kama mti. Baba akasema, na si hapo tu. Kaka akasema, na kwa miaka miwili! Baba akaipiga meza ya cherehani kofi na kugeukia upande wa kushoto.

"Umesikia huyu?"

"Nimemsikia, mzee."

Maneno hayo hayakupitia kwangu. Mvua iliendelea. Sikuthubutu kuinua kichwa. Nilitazama mkebe wa vifungo, vyeupe vya shati juu, vya koti chini.

"Kwa hiyo," akasema Baba polepole, akiwa bado ameelekea kushoto, "ile suti hukuisifu."

"Sikuisifu."

"Mm."

"Lakini ilikuwa nzuri. Mabega yake yalikaa."

Baba alitafuta kitambaa cha kufuta jasho, na hakukuwa na joto. Kisha akasema jambo ambalo nadhani alikuwa amelibeba tangu siku ya chai, na hakulisemea kwangu.

"Wewe ulisema kweli. Mungu anajua Kidholuo. Mimi najua anajua. Mimi sikuwa natafsiria Mungu. Nilikuwa natafsiria bibi yako, alikuwa anakaa benchi ya mbele na hajui Kiswahili hata moja. Alikuwa anataka kusikia."

Kaka aliinamisha uso juu ya kitambaa. Bibi alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla ya ile sala ya nyumbani. "Sikufikiria bibi," akasema. "Nisamehe, wuora."

Wuora, kwa Kidholuo, maana yake ni baba yangu. Hakuwa amemwita hivyo tangu alipotolewa nyumbani.

"Na mimi mkono wangu ulikuwa haraka," akasema Baba. "Mbele ya mke wako. Nisamehe na wewe."

Halafu wakakumbuka nipo. Baba akaniambia nitoe kigoda hapo katikati. Nikakipeleka mlangoni, karibu na pasi, ambako mvua ilinirushia matone hadi jioni, nami nikalia huko bila kuzuiliwa na mtu. Nililia kwa aibu, na pia kwa kuwa wao walikuwa wanaongea na sikuhitajika.

Jogoo alipelekwa juma lililofuata. Baba alikanyaga. Sala yake ilikuwa ndefu, na kwa mara ya kwanza aliomba kwa Kidholuo tupu bila kumtafsiria mtu.

Nimeisikia habari ya mpatanishi ikihubiriwa mara nyingi tangu wakati huo, na kila mara nasikia mvua juu ya mabati. Nisije nikajivika joho lisilo langu. Mimi nilikuwa na kosa, na hasira yao niliistahili hadi kijiko cha mwisho. Yule wa msalabani hakuwa na kosa. Lakini kitu kimoja nilikijua siku ile kwa mwili wangu, si kwa daftari la kipaimara. Nilikuwa nimekaa kati yao miaka miwili nikiwa tarishi, nikijilinda, nikimpa kila mmoja kilicho laini, na hawakusogeleana hata unyayo. Walipatana siku ambayo hasira ya wote wawili ilipata mahali pa kuangukia. Na nilijua jinsi inavyouma kuwa mahali hapo, hata kwa anayestahili. Nikiwaza mtu asiyestahili akipasimamia kwa hiari yake, akiwa wa huku kabisa na wa kule kabisa, huwa naacha kuimba katikati ya wimbo. Wanaoketi karibu nami kanisani wameshazoea.

Kaka alibaki na hema lake na Baba na ngazi yake moja chini. Hawakukubaliana kuhusu jambo lolote la dini, na walibishana moja kwa moja, kwa sauti, mbele ya wateja, hadi mama wa omena akatuambia afadhali ule wakati wa simu.

Kikohozi hakikuisha. Mwaka jana Baba alilala kitandani kwake, saa za alasiri, dirisha likiwa wazi upande wa ziwa. Kutoka hapo moshi wa mji wa kaka ulionekana, kule mteremkoni. Nilikuwa nimekaa kichwani pake, kaka miguuni, akimkanda nyayo kwa mafuta kwa sababu alilalamika baridi. Baba alifumbua macho akanitafuta. Macho yake hayakuona mbali tena.

"Nyara," akaniita, binti yangu. "Mwambie ndugu yako..."

Akakosa pumzi. Mdomo wangu ulikwisha kufunguka, tayari, kama zamani. Nikaufunga. Nikauchukua mkono wake wenye vitundu vyeusi, nikamwashiria kaka asogee, nikauvuta hadi ukamfikia begani, nikauacha hapo.

"Mwambie mwenyewe, Baba," nikasema. "Huyu hapa."